Kuijua Herufi Moja ya Kichina Katika Nchi ya Shaba

Maandishi ya Kichina yameingia katika maisha ya kila siku ya jimbo la Lualaba, katika Kongo ya Kinshasa, kupitia malango ya migodi. Tangu makubaliano ya mwaka 2008 yaliyoizaa Sicomines, kampuni ya ubia kati ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, na kampuni za Kichina, na hasa baada ya China Molybdenum, ambayo leo inaitwa CMOC, kununua mwaka 2016 sehemu kubwa ya mgodi wa Tenke Fungurume kutoka kwa Freeport-McMoRan ya Marekani, mfanyakazi wa Kolwezi au wa Fungurume anakutana na maandishi hayo kwenye vibao vya onyo, kwenye mapipa ya kemikali, kwenye makabati ya umeme, ubavuni mwa mitambo na juu ya mifuko inayosubiri safari ya mpakani Kasumbalesa. Wengi wamejifunza kusalimia na kuhesabu kwa Kichina kwa kusikia tu, na hilo ni jema. Lakini kusoma wamewaachia wakalimani, kwa kudhani kwamba maandishi yale ni msitu usio na njia. Ushauri unaotolewa hapa ni wa kuishika herufi moja na kuijua mpaka ndani, pamoja na majirani zake na mahali inapokaa, kabla ya kuiendea nyingine, kwa sababu herufi kumi zilizojulikana hivyo zinamfaa mtu wa kazini kuliko herufi mia moja zilizokaririwa, kila moja na tafsiri yake moja ya Kiswahili.

Neno "herufi" lenyewe linahitaji kufafanuliwa, maana Kiswahili kinalitumia kwa A, B na C, ambazo ni alama za sauti tupu. Herufi ya Kichina, ambayo wenyewe huiita hànzì, ni alama ya silabi moja ambayo mara nyingi hubeba pia maana. Pengine huwa neno kamili ikiwa peke yake, lakini mara nyingi zaidi huungana na nyingine moja au mbili ndipo neno lipatikane. Orodha rasmi iliyotangazwa na serikali ya China mwaka 2013 ina herufi 8,105, na kati ya hizo 3,500 ndizo zilizowekwa katika daraja la kwanza kwa kuwa ndizo zinazotumika sana. Hesabu hiyo isimtishe mtu. Kazi ya mgodi ina msamiati wake, na msamiati huo hujirudia kila zamu.

Herufi inayofaa kuanza nayo katika nchi hii haina ubishi: ni 铜, inayosomwa tóng, yenye maana ya shaba. Ukiitazama kwa karibu, inagawanyika sehemu mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu. Upande wa kushoto kuna 钅, umbo lililofupishwa la 金, jīn, yaani dhahabu au metali kwa jumla. Upande wa kulia kuna 同, ambayo nayo husomwa tóng na maana yake ni "sawa" au "pamoja". Sehemu ya kushoto inataja ukoo wa kitu, na wataalamu wa Kichina huiita bùshǒu, maana yake kichwa cha kundi, kwa kuwa katika kamusi herufi zote zenye sehemu hiyo hupangwa chini yake. Sehemu ya kulia hapa imeletwa kwa ajili ya sauti tu, na inaweza kuitwa kijenzi cha sauti. Anayeuliza shaba ina uhusiano gani na "pamoja" anauliza swali lisilo na jibu, kwa maana 同 imekuja kuazima mdomo wake, si maana yake. Utaratibu huu wa kupanga herufi kwa vichwa ni wa kale sana: Xu Shen aliutumia katika kamusi aliyoikamilisha karibu na mwaka 100 baada ya Kristo, akazigawa herufi zaidi ya 9,000 katika makundi 540, na kamusi ya mfalme Kangxi ya mwaka 1716 ikatumia makundi 214.

Mtu akishaijua 钅, ardhi yote ya Katanga ya zamani inaanza kusomeka. Kobalti ni 钴, gǔ, yenye 钅 kushoto na 古, gǔ, kulia. Zinki ya Kipushi ni 锌, xīn. Urani iliyochimbwa Shinkolobwe ni 铀, yóu. Lithi ya Manono ni 锂, lǐ. Na molibdeni, iliyoipa CMOC jina lake la kwanza, ni 钼, mù. Katika kila moja kichwa ni kilekile cha metali, na kijenzi cha kulia ndicho kinachotoa sauti. Ulingano huu si wa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, katika karakana ya silaha ya Jiangnan mjini Shanghai, Xu Shou na Mwingereza John Fryer walipokuwa wakitafsiri vitabu vya kemia, waliyaacha majina ya kale ya dhahabu, shaba na chuma kama yalivyo, na kwa elementi ambazo Kichina hakikuwa na majina yake wakaweka kanuni ya kuunganisha kichwa kinachoonyesha aina ya kitu na kijenzi kinachokaribia silabi ya jina la Kizungu. Leo gesi nazo hubeba kichwa 气, kama katika 氧, yǎng, yaani oksijeni, na 氯, lǜ, yaani klorini. Na elementi ngumu zisizo metali hubeba 石, jiwe, kama katika 硫, liú, yaani salfa. Mfanyakazi anayeona 气 juu ya herufi asiyoijua, kwenye mtungi au kwenye bomba, hajui jina la kilichomo, lakini amekwisha kujua kwamba kilichomo chaweza kuwa gesi, na ujuzi huo mdogo unatosha kumfanya asimame na kuuliza.

Hata hivyo kijenzi cha sauti si cha kutegemewa daima, kwa kuwa matamshi yamebadilika kwa karne nyingi huku maandishi yakibaki. Herufi 矿, kuàng, yenye maana ya mgodi au mawe ya madini, ina 石 kushoto na 广, guǎng, kulia; sauti zinafanana bila kulingana. Kijenzi kinasaidia kukumbuka jina lililokwisha kujulikana. Kubashiri jina lisilojulikana ni jambo jingine, na mtu asilifanye mbele ya pipa la asidi.

Muundo ukishaeleweka, kazi halisi ndiyo inaanza, nayo ni kujua matumizi. Hapa msomaji wa Kiswahili ana mtaji ambao mara nyingi hautambui. Neno "shaba" katika Kiswahili halina maana moja: ni metali nyekundu inayochimbwa Kolwezi, ni aloi za metali hiyo, ni rangi ya medali ya mshindi wa tatu, na kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 lilikuwa jina la jimbo zima la Katanga, kabla ya jimbo hilo kurudishiwa jina lake na hatimaye, mwaka 2015, kugawanywa na Lualaba kuzaliwa. Hakuna aliyewahi kuketi kukariri maana hizo nne; kila mtu alizipata kutokana na maneno yaliyokaa karibu. Herufi 铜 inatembea vivyo hivyo. Ikitanguliwa na 紫, zambarau, ni shaba safi. Ikitanguliwa na 黄, njano, ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Ikitanguliwa na 青, rangi iliyo kati ya kijani na buluu, ni shaba iliyochanganywa na bati, ambayo wafua metali wa China ya kale waliitengenezea vyombo vya matambiko. Na 铜牌, tóngpái, ni medali ya shaba kama ilivyo kwa Waswahili.

Ndani ya kiwanda majirani wa 铜 ni wengine. 铜矿, tóngkuàng, ni mgodi wa shaba au mawe yenye shaba. 粗铜, cūtóng, ni shaba ghafi inayotoka katika tanuri, kwani 粗 ni kitu chenye kukwaruza, kisicholainishwa. 阴极铜, yīnjítóng, ni kathodi, yale mabamba mapana ya shaba yanayopatikana kwa kupitisha umeme katika myeyuko wenye asidi, na ambayo malori huyabeba yakiwa yamefungwa kwa mikanda ya chuma. Katika maneno hayo yote kuna kanuni moja ambayo Mswahili hana budi kuizoea mapema, kwa sababu inakwenda kinyume na ulimi wake: Kiswahili hutaja kitu kwanza na sifa baadaye, "mgodi wa shaba", ilhali Kichina hutanguliza sifa na kukiweka kitu mwishoni, "shaba-mgodi". Kwa hiyo jina la Kichina lisomwe kuanzia mkiani. Herufi ya mwisho inasema kitu ni nini, na zilizotangulia zinasema ni cha namna gani. 铜矿 ni mgodi kwa sababu inaishia na 矿. 阴极铜 ni shaba kwa sababu inaishia na 铜.

Kanuni hiyo ina mipaka yake katika ghala la kemikali. 硫酸, liúsuān, ni asidi ya sulfuriki, ile ambayo viwanda vya Lualaba huitumia kwa wingi kuitoa shaba na kobalti katika mawe. 硫酸铜, yenye herufi moja zaidi mkiani, ni salfeti ya shaba, chumvi ya buluu ambayo nayo ni sumu, lakini ambayo haishughulikiwi kwa namna moja na asidi. Aliyekariri kwamba 铜 ni shaba tu, akaiona mwishoni mwa jina, anaweza kudhani kwamba mfuko una shaba ya kawaida. Na aliyeishia katika 硫酸 anaweza kukimbilia hatua za asidi mahali pasipo asidi. Zaidi ya hapo, mbele ya 硫酸 hukaa mara nyingi herufi moja kati ya mbili: 稀, xī, iliyopunguzwa kwa maji, na 浓, nóng, nzito. Mbili hizi zijifunzwe siku moja, zikiwa bega kwa bega, na mtu asiondoke katika ukurasa huo mpaka azitofautishe kwa jicho la haraka. Ile yenye vitone vitatu vya maji upande wa kushoto ndiyo asidi nzito, na hapo vitone vya maji vinaweza kumdanganya mtu akadhani kinyume.

Vibao vya usalama ndipo mahali ambapo tafsiri ya neno kwa neno inaponza zaidi. Kiwango cha China cha alama za usalama kinatumia rangi ambazo mfanyakazi wa Kongo anazijua tayari: duara jekundu lenye mstari wa kukata ni katazo, na hapo husomwa 禁止, jìnzhǐ, "ni marufuku", pembetatu ya njano ni onyo, na hapo husomwa 当心, dāngxīn, "jihadhari", duara la buluu ni amri, 必须, bìxū, "ni lazima", kama ile ya kuvaa kofia ngumu, na kijani huonyesha njia na huduma. Katika kundi la njano kuna kibao kimoja kinachopaswa kuchunguzwa na kila anayejifunza, nacho kimeandikwa 注意安全, zhùyì ānquán. Herufi mbili za mwisho, 安全, maana yake ni usalama. Mtu aliyezikariri kwa tafsiri ya "salama" akazitambua kwa mbali, huku zile mbili za kwanza zikimpita, anasoma kwamba mahali pale ni salama, wakati kibao kinamwambia aangalie usalama wake kwa sababu mahali pale pana hatari. Herufi hazikudanganya hata kidogo. Kosa limo katika kuzikata na majirani zake. Lakini penye kijani, 安全出口, ānquán chūkǒu, ni mlango wa dharura, na 安全 ile ile sasa inaita watu waje.

Hiyo 出口 nayo inastahili ukurasa wake. 出 ni kutoka, 口 ni mdomo, kwa hiyo kwa jumla ni mdomo wa kutokea. Ukutani ni mlango wa kutokea. Kwenye pampu ni upande ambao maji au myeyuko hutokea, na upande wa pili huandikwa 进口, jìnkǒu, mdomo wa kuingilia. Kwenye karatasi za forodha 出口 ni kuuza nje ya nchi na 进口 ni kuagiza kutoka nje, hivyo jina la mlango limekuwa jina la biashara nzima ya mpakani. Fundi anayefunga pampu na karani anayepanga nyaraka za malori wanasoma herufi zile zile kwa kazi mbili, na kila mmoja yuko sahihi mahali pake.

Kwa mafundi wa umeme kuna onyo zito zaidi. Herufi 开, kāi, hutafsiriwa "kufungua", na 关, guān, "kufunga", na zikiunganishwa, 开关, ni swichi. Kwenye vali, 开 ni kufungua ili kimiminika kipite. Kwenye swichi ya taa au ya mashine, 开 ni kuwasha, yaani umeme upite. Lakini katika lugha ya fundi aliyesomea umeme kwa Kifaransa, kufungua mzunguko ni kuukata umeme usipite, na kuufunga ni kuuruhusu. Fundi akichukua tafsiri ya "kufungua" kutoka kwenye 开 na kuipeleka kichwani katika lugha ya shule yake, amepata maana iliyo kinyume kabisa, na kinyume hicho kinaweza kuua. Swichi kuu za kukata umeme kwa kawaida hukwepa utata huo kwa kuandikwa 合, hé, umeme umeunganishwa, na 分, fēn, umeme umetenganishwa. Ni busara kwa kikosi cha matengenezo kuziandika herufi hizo nne ukutani karibu na kabati, pamoja na maelezo kamili ya Kiswahili na Kifaransa yanayosema umeme unapita au haupiti, na kuliacha kando neno "kufungua". Herufi haichukui nafasi ya kufuli la usalama wala ya kipimo cha umeme. Kabla ya mkono kugusa waya, kipimo ndicho chenye neno la mwisho.

Herufi 合 ikishajulikana hapo, itaonekana tena mahali pengine: 合格, hégé, kwenye kibandiko cha mashine mpya, maana yake imekidhi viwango vya ukaguzi, na 合同, hétong, ni mkataba, ikiwa na ile 同 iliyokuwa kijenzi cha sauti ndani ya 铜, ambayo sasa imekuja kwa maana yake yenyewe ya "pamoja". Mfanyakazi ana haki ya kufurahi anapozitambua herufi hizo mbili juu ya karatasi ya kazi, lakini furaha hiyo isimfanye atie sahihi. Lugha rasmi ya Kongo ni Kifaransa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Maandishi ya Kifaransa yaombwe, yasomwe mpaka mwisho, na pasipoeleweka pafafanuliwe kwa Kiswahili na mtu wa chama cha wafanyakazi au mtu mwingine anayeaminika.

Wale wanaouza madini kwa mzani wana herufi zao. Katika kituo cha biashara cha Musompo, nje ya Kolwezi, na katika maghala mengine ya wanunuzi, bei hutegemea uzito na kiwango cha madini ndani ya jiwe, kile ambacho wachuuzi hukiita kwa Kifaransa teneur na Wachina hukiita 品位, pǐnwèi. Uzito una majina matatu yanayoishia yote na 重, zhòng, yaani uzito: 毛重 ni uzito pamoja na chombo, 皮重 ni uzito wa chombo kitupu, na 净重 ni uzito halisi wa mali. Peke yake 毛 ni manyoya na 皮 ni ngozi, na hakuna kamusi ya tafsiri moja moja itakayomfikisha mtu kutoka manyoya hadi mzanini. Jambo la kushikwa kwa mikono miwili ni tofauti ya 公斤, gōngjīn, ambayo ni kilo moja, na 斤, jīn, ambayo ni gramu 500 tu. Katika mazungumzo ya Wachina wenyewe jīn ndiyo ya kila siku, na asiyeisikia ile gōng ya mbele anaweza kuhesabu nusu kwa nzima au nzima kwa nusu.

Kuhusu sauti, somo linaweza kuwa jepesi kuliko linavyodhaniwa. Kichina sanifu kina toni nne, yaani silabi moja hubadilika maana kwa kupanda au kushuka kwa sauti. Tōng, yenye sauti ya juu iliyonyooka, 通, ni kupita bila kizuizi. Tóng, inayopanda, 铜, ni shaba. Tǒng, inayoshuka chini kisha kuinuka, 桶, ni ndoo au pipa. Na tòng, inayoanguka ghafla, 痛, ni maumivu. Kiswahili kilikwisha kupoteza toni zake, na anayekitegemea hicho tu ataziona nne hizo kuwa moja. Lakini nyumbani kwa watu wengi wa Lualaba husemwa Kiluba, Kisanga au Kilunda, lugha ambazo toni ndani yake hutofautisha maneno, na mtoto wa lugha hizo ana sikio ambalo wanafunzi wengi wa Ulaya hulitafuta kwa miaka. Alitumie sikio hilo. Asikubali kuandika "tong" tupu katika daftari lake. Alama ya toni iandikwe kila mara, kama inavyofanywa katika pinyin, mwandiko wa Kilatini wa sauti za Kichina uliopitishwa mwaka 1958.

Namna ya kuandika nayo isidharauliwe kwa hoja kwamba siku hizi simu inaandika. Herufi 铜 ina mistari kumi na mmoja: mitano ya 钅, kuanzia mstari mfupi wa kuelekea chini kushoto, kisha mitatu ya mlalo, kisha ule wa kusimama unaoishia kwa kujipinda juu; halafu sita ya 同, kuanzia ukuta wa kushoto, kisha mstari wa juu unaokunja na kushuka na ndoana, kisha mstari mfupi wa ndani, na mwisho mdomo mdogo 口. Kanuni ya jumla ni juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, na nje kabla ya ndani. Aliyeuzoea mpangilio huo ataisoma herufi hata ikiwa imeandikwa kwa mkono na rangi iliyochuruzika, na simu yenye kamusi itaitambua akiichora kwa kidole. Hilo lina faida ya pekee migodini, ambako mara nyingi kupiga picha hakuruhusiwi: herufi inanakiliwa kwa kalamu, na kutafutwa baada ya zamu. Programu za kutafsiri kwa kamera zina msaada wake, lakini hubashiri vibaya zinapopewa herufi moja iliyotengwa, hivyo kinachonakiliwa kiwe mstari mzima wa kibao, na pembeni iandikwe kibao kilikuwa wapi na kilikuwa na rangi gani.

Ukurasa wa daftari, basi, uwe wa herufi moja. Juu herufi yenyewe kwa ukubwa, pamoja na umbo lake la zamani kama lipo, maana 铜 huandikwa 銅 katika maandishi yaliyotangulia marekebisho ya miaka ya 1950 na huko Taiwan na Hong Kong mpaka leo. Chini yake sauti na toni. Kisha maneno matatu au manne yaliyoonekana kwa macho, kila moja na mahali lilipoonekana. Tafsiri ya Kiswahili iwekwe mbele ya neno zima, si mbele ya herufi. Na pale mtu anapokwama, amwulize Mchina anayefanya naye kazi, akimwita shīfu, 师傅, ambalo ndilo neno la heshima kwa fundi, kama Mswahili anavyosema "fundi". Jibu atakalopewa litamshangaza kwa namna lilivyo: Mchina akiulizwa ni tóng ipi inayosemwa, hujibu "tóngkuàng de tóng", yaani ile tóng ya tóngkuàng. Kwa kuwa herufi nyingi zina sauti moja, wenye lugha wenyewe huitambulisha herufi kwa kutaja jirani yake.

Herufi moja inayothibitisha haya yote iko juu ya shehena za mpakani. Kongo kwa Kichina ni 刚果, Gāngguǒ, ambapo 刚 ni "sasa hivi" au "imara" na 果 ni tunda, lakini hakuna tunda hapo. Herufi zimetumika kwa sauti tu. Kwa kuwa Kongo ziko mbili, hii ya Kinshasa huandikwa 刚果（金）. Ile 金 ndani ya mabano ndiyo kichwa cha metali kilichoonekana mwanzoni, na mtu aliyeshika maana ya dhahabu angeweza kudhani kwamba nchi imepewa jina la utajiri wake. Sivyo. Ni silabi ya kwanza ya 金沙萨, Jīnshāsà, Kinshasa, na mwenzake ng'ambo ya mto ni 刚果（布）, kwa ajili ya Brazzaville.

Atakayetaka kujipima baada ya miezi michache ajaribu 孔雀石, kǒngquèshí. Asome kuanzia mkiani: 石, kwa hiyo ni jiwe. Zilizotangulia, 孔雀, ni tausi. Jiwe la tausi ni malakiti, lile jiwe la kijani lenye mawimbi ambalo kila mtoto wa Kolwezi amewahi kulishika, na ambalo likiwa safi zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Katika jina lake hakuna 钅 wala 铜. Shaba iliyomo ndani inajulikana kwa anayelijua jiwe.